Kuhusu Kapitene Aliyerudishwa Majini Wakwe Wakiwa Wamekaa Wanangoja

Wagenia, Kisangani
Ijumaa

Kwa Bwana Hugues,
Mwenye kampuni ya matembezi ya uvuvi, Makiso

Bwana Hugues, mwanangu kwa umri na mkubwa wetu kwa cheo,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na wote wanaokaa kivulini ofisini mwako. Mimi ni Mama Clothilde, mke wa Bavon, yule anayewaongoza wageni wako kwenye maporomoko. Bavon hajui kwamba ninaandika. Angejua angeniomba niache, kwa sababu anakupenda sana, na hilo nalo ni mojawapo ya malalamiko yangu. Nitalifikia kwa mpangilio, maana masista walinifundisha kwamba mtu mwenye hasira aandike kwa namba.

1. La kwanza ni ubao wako. Umeandikwa kwa rangi nzuri ya buluu: "Matembezi ya uvuvi, maji ya chumvi, snuku na samaki wengine." Naelewa kwamba ulikuja nao kutoka Muanda, ulikokuwa ukiwapeleka watu baharini, na ubao mzima hautupwi hivi hivi. Lakini kutoka hapa hadi baharini mtu anaivuka karibu nchi yote. Juzi mgeni mmoja alichota maji ya mto kwa kiganja, akaonja, akamtazama mume wangu kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. Tangu siku hiyo Bavon anabeba pakiti ya chumvi kwenye mtumbwi, chumvi ya jikoni kwangu, na sijathubutu kumuuliza anaifanyia nini. Tena kila mbenga, yule samaki wetu wa meno makali, anayeng'ata ndoana, mume wangu, Mkristo aliyebatizwa, humwambia mgeni kwamba huyo ndiye snuku wa huku kwetu.

Hilo nimelisamehe. Nimelitaja tu ili ujue kwamba ninaweza kusamehe.

2. La pili ni kelele. Hapa, Bwana Hugues, nakuomba usome polepole, kwa sababu wewe si mtu wa maporomoko na huenda hukuambiwa. Kwetu, mwanamume aliye juu ya nguzo zinazoshika vikapu vya kuvulia akiona samaki mkubwa ameingia kwenye kikapu, hupiga ukelele mmoja mrefu. Ukelele huo si wa furaha. Ni wa kazi. Huku pwani, ukingoni mwa mto, kila mwanamke anayeusikia anabandika sufuria, anatia mawese, anatwanga pilipili, ili samaki akifika asikute moto umelala. Ndivyo mama yangu alivyofanya, na mama yake.

Wageni wako wanapiga ukelele huo huo. Wanaupiga samaki akishika, wanaupiga samaki akikatika, na yupo mmoja aliyeupiga kwa sababu aliona ndege. Jumanne peke yake pwani nzima ilibandika masufuria asubuhi, ikayaepua, ikayabandika tena. Jirani yangu Safi amechemsha kitunguu kimoja mpaka kimeisha chenyewe. Mtumbwi ukifika tunakimbilia na mabeseni, na mume wangu anashuka mikono mitupu, anatabasamu, anatoa simu mfukoni na kutuonyesha picha.

3. La tatu ni hiyo picha. Nimeolewa na mvuvi. Sikuolewa na mpiga picha. Alipokuwa na vikapu vyake Bavon alirudi nyumbani ananuka samaki, nami nilijua tutakula nini. Mafuriko yalipobeba nguzo zake na bega lake likapata shida, wewe ulimpa kazi, na kwa hilo nakushukuru kwa dhati. Sasa anarudi ananuka dawa ya mbu ya wageni. "Clothilde, angalia kwanza," ananiambia. "Ile samaki iko mukubwa kuliko mutoto ya Safi." Naangalia. Ni mkubwa kweli. Namuuliza yuko wapi, ananijibu kwamba amerudi kwao.

Nimesikia kwamba hiyo ni sheria ya kampuni: samaki ashikwe, apimwe, apigwe picha, aambiwe asante, arudishwe. Nimejaribu kuielewa kwa moyo safi. Nimejiuliza kama labda wageni wameshiba, au kama samaki wetu amewachukiza. Nimejiuliza pia samaki mwenyewe anawaza nini. Samaki wa zamani alijua akitoka majini safari imekwisha, kwa hiyo alijiheshimu. Wa sasa wameharibika tabia. Wazee wenye vikapu wanalalamika kwamba samaki wanaingia, wanageuka upande mmoja, wanatulia, kama wanaosubiri kupigwa picha.

La nne nimeliruka kwa sababu la tano linanichoma. Nitalirudia.

5. Jumapili iliyopita walikuja wakwe.

Binti yetu Glodie anataka kuolewa na Yusufu, fundi cherehani wa Mangobo, kijana mtulivu ambaye akikusalimia anakuangalia usoni. Kwao ni Waislamu wa tangu zamani za wafanyabiashara Waarabu, sisi ni watu wa Kanisa na wa mto. Watu wengi walisema haitawezekana. Mimi niliona itawezekana, kwa sababu ya samaki. Fikiria mwenyewe. Nikichinja kuku, wakwe watajiuliza amechinjwa na nani na kwa maneno gani, na wataona aibu kuuliza, nami nitaona aibu kwa aibu yao. Samaki hana maswali hayo. Samaki tunamla wote. Na desturi yetu inasema kwamba maneno ya ndoa hayafunguliwi kabla samaki aliyevuliwa na nyumba ya binti hajaliwa, na kichwa chake kuwekwa mbele ya mkubwa wa wakwe.

Basi walikuwa wamekaa. Papa Mohamadi, baba wa Yusufu, kwenye kiti chetu chenye mikono. Mama Karima kando yake, amevaa kitambaa chake kizuri. Glodie alikuwa nyuma ya mlango, nilikuwa naona vidole vyake vya miguu. Bavon alikuwa amekwenda na mgeni wako wa kofia yenye pazia la shingoni, na alikuwa ameniahidi kwamba siku hiyo, siku hiyo moja, ataomba abaki na samaki.

Tukasikia ukelele. Mrefu, mzuri. Nikawaambia wakwe, kwa sauti ya mwanamke mwenye mume: samaki amepatikana. Nikabandika sufuria kubwa. Mama Karima akasema harufu ya mawese inamkumbusha bibi yake. Tukatoka wote tukasimama pwani kumpokea.

Bwana Hugues, niliyoyaona nayaandika kama nilivyoyaona. Mgeni wako alikuwa amembeba kapitene, yule samaki mkubwa wa mto, wa kunitosha mimi, wewe na ofisi yako yote, mwenye kovu la ndoana ya zamani kwenye mdomo. Akampiga busu. Mdomoni. Mbele ya wakwe zangu. Mama Karima akajifunika uso. Kisha mgeni akamkabidhi mume wangu, na mume wangu, kwa mikono yake miwili iliyoombewa kanisani tulipofunga ndoa, akamtia majini taratibu, akamshikilia kidogo mpaka apate nguvu, akamwachia.

Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameomba na mgeni alikataa, na sheria ni sheria, na kazi ni kazi. Pale pwani alitoa simu tu. Papa Mohamadi akavaa miwani, akaikuza ile picha kwa vidole, akaitazama kwa adabu kubwa.

"Iko muzuri kabisa," akasema. "Alors, yeye mwenyewe iko wapi?"

Tulikula lituma ya ndizi na pondu ya majani ya muhogo. Wakala vizuri, wakashukuru vizuri, na neno la ndoa halikutamkwa. Wakati wa kuaga walisema watarudi Jumapili hii kumwona samaki. Glodie aliosha vyombo bila kuimba, na mtoto huyo huwa anaimba hata akiwa na homa. Niliumia, Bwana Hugues. Sina njia nzuri zaidi ya kuliandika.

6. La sita linatokana na la tano. Nimefikiri sana nikaona kwamba sheria yako ikiachwa itembee, haitaishia mtoni. Papa Mohamadi ni mtu wa akili, na ameshaona inavyofanya kazi. Nini kitamzuia Yusufu kumchukua Glodie, kumpima, kupiga naye picha nzuri ya harusi, kumwambia asante, na kumrudisha kwetu akiwa hai na mwenye nguvu? Nitamlalamikia nani? Ataniambia ndivyo afanyavyo baba mkwe wake.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba haya:

Kwanza, kila mgeni atakayepiga ukelele ashuke pwani na ale kilichomo kwenye sufuria alizozibandikisha, hata kama ni maji na kitunguu.

Pili, kampuni yako imkamate kapitene yule kabla ya Jumapili. Kosa ni lenu, na alama yake mnayo. Naambatanisha picha. Ikipendeza, nakala zibandikwe kwenye nguzo zote za maporomoko ili wenye vikapu wamtambue akipita.

Tatu, ikiwa hayo hayawezekani, basi nami nitafuata sheria ya kampuni. Nimeshamshika Bavon siku nyingi zilizopita. Nimempima kwa kamba ya kuanikia nguo. Picha yake ninayo. Jumatatu nitamwambia asante na kumrudisha kwenu Makiso, nimwachie taratibu mlangoni, nimshikilie kidogo mpaka apate nguvu.

4. Sasa la nne nililoruka. Mume wangu anarudi anacheka. Tangu nguzo zake zichukuliwe na maji alikuwa anakaa ukutani anaangalia mto bila neno, nami nilizoea kuweka chakula mbele yake kama anayemwekea mgonjwa. Sasa anaingia anacheka, ananieleza jinsi samaki alivyovuta, alivyozama, alivyoruka, na usiku analala. Nalalamika kwa sababu furaha hiyo ameipata kwa samaki ambaye hatumli, na mimi, ninayempikia, sijui iko wapi ndani ya picha.

Nasubiri jibu lako kwa subira ya mtu mwenye wakwe Jumapili. Msalimie mke wako, na mama yako Muanda, na yule binti wa mapokezi mwenye kikohozi, mwambie anywe majani ya mchaichai. Msalimie hata mgeni wa kofia, ila mdomo wake aufute.

Ni mimi, kwa heshima isiyopungua,
Mama Clothilde, pwani ya Wagenia

Nyongeza, Jumatatu. Barua hii ilichelewa, kwa sababu Valère wa toleka, baiskeli ya abiria, niliyemkabidhi, alipeleka kwanza mzigo kwenye gari-moshi la Ubundu akasahau kwamba alikuwa nayo mfukoni. Amenirudishia. Naituma hivyo hivyo, lakini kuna machache ya kuongeza.

Jumamosi mgeni wenu aliugua tumbo na nafasi yake ilikuwa wazi. Nikamwambia Bavon kwamba simwamini yeye wala kampuni, nitakwenda mwenyewe kumtoa samaki wa binti yangu. Nilibeba kisu na beseni. Nilikaa na ile fimbo yenu mpaka mgongo ukaniuma, nikiwasema nyote kwa majina. Kisha kitu kikavuta. Bwana Hugues, hakuna aliyeniambia kwamba kinavuta hivyo. Kilivuta mpaka begani, mpaka tumboni, na nikasikia ukelele mrefu, nikashangaa ni wa nani, ulikuwa wangu. Pwani nzima ikabandika masufuria.

Alikuwa yeye, mwenye kovu mdomoni. Bavon alimtia mikononi mwangu. Kisu kilikuwa karibu na goti langu. Mume wangu akatoa simu, nami nikamwambia angoje nifunge kitambaa vizuri, kwa sababu picha ni picha. Akapiga. Baada ya hapo samaki aliteleza. Bavon anasema nilifungua mikono. Mimi nasema aliteleza, na barua ikiwa imefika hapa si vizuri tubishane.

Jumapili wakwe wakaja, na nyumbani hapakuwa na samaki. Nilitamani ardhi inimeze. Bavon akawaonyesha picha. Papa Mohamadi akavaa miwani, akaangalia, akauliza yule mwenye kitambaa chekundu ni nani. Akaambiwa. Kisha akaomba sahani, akaiweka simu katikati ya sahani, picha ikiwa wazi, akaisogeza mbele yake.

"Bon," akasema. "Kama mama mwenyewe aliingia mu maji juu ya mutoto yake, kichwa nimeshaiona. Tuanze maneno."

Tukaanza. Glodie amerudia kuimba, na anakosea maneno kama zamani.

Kwa hiyo ombi la kwanza, la pili na la tatu naomba uyafute. Bavon baki naye. Ile picha nitengenezewe kubwa, ya kutundika sebuleni, uso wangu usikatwe. Na Jumamosi ijayo umwekee nafasi Papa Mohamadi, hajalala tangu jana. Ameniuliza kwa siri kama akimpata samaki atalazimika kumrudisha. Nimemjibu kwamba ndiyo, kwetu Wagenia hiyo ni desturi ya tangu mababu.