Vita vya Sista Araba na Pembe ya Shuka

Sogeeni, enyi watu wa pwani ya Fante na ninyi wa bara, wenye viti na wenye kusimama. Zimeni redio, epueni vyungu vya kenke, mfungeni mbuzi anayelialia. Nawaletea tendo ambalo wafalme wa Ashanti, pamoja na mapanga yao yote na dhahabu yao yote, hawakupata kulitenda. Nawasimulia jinsi Sista Araba Essilfie, Simba-jike wa Wodi ya Wanawake, Mpokeaji wa watoto wasiohesabika, Mvunja-kiburi cha madaktari wachanga, alivyosimama kando ya kitanda mchana kweupe, mbele ya mashahidi, asifanye kitu chochote. Bwana aliyempa Samsoni nguvu za kubomoa na anipe mimi pumzi ya kusimulia, maana nilikuwako. Nilikuwa juu ya kitanda chenyewe.

Mjue kwanza chanzo cha vita. Sista Araba aliinua wagonjwa mpaka mgongo wake ukakataa, ndipo akatamani kuwa mkufunzi, awafundishe wauguzi wadogo. Mngedhani mtu wa namna hiyo hupewa chaki na kuambiwa, haya, fundisha. La hasha. Wenye hekima waliamua kwamba anayeijua kazi lazima kwanza asomee namna ya kuijua mbele za watu. Basi akaenda chuoni kutafuta shahada ya uzamili, akala nadharia asubuhi na nadharia jioni, mpaka akafunuliwa siri kuu kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kutenda. Siri ambayo mama zetu, waliokuwa wakitukabidhi mchi na kwenda zao kisimani, walikuwa nayo bila kuvaa joho.

Likabaki jaribio la mwisho, kufundisha somo moja huku mtahini akitazama. Na katika jaribio hilo Sista alikuwa ameshaanguka mara moja. Hakuanguka kwa ujinga. Mwanafunzi alisita kidogo kutandika shuka, na mikono ya Sista, iliyolelewa katika wodi isiyo na nafasi ya kusita, ikamnyang'anya na kumaliza kazi kabla mwenye mikono hajajua. Mtahini akaandika: muuguzi hodari, si mwalimu. Safari hii akigusa tena, shahada imekwenda, na hospitali yake ilikuwa imeshasema haitampa ruhusa nyingine ya masomo. Angerudi kuinua watu kwa mgongo ule ule.

Mtahini mwenyewe ni Daktari Quansah. Ni daktari wa vitabu, msije mkampelekea watoto; ukimwonyesha jipu atakuuliza limenukuliwa kutoka kitabu gani. Aliwasili amevaa suti yenye kizibao katika joto la Cape Coast, akaketi, akachomoa kalamu kama jemadari achomoavyo upanga.

Nami nilifikaje pale? Sanamu la plastiki ambalo wanafunzi hulilaza kitandani lilikuwa limekatika shingo, chuo kikaomba chama chetu cha akina mama wa kanisa kitoe mgonjwa mwenye shingo nzima. Nikatolewa mimi, kwa kuwa mjane, walisema, hana wa kumpikia mchana. Nikavaa kitenge changu cha ibada, nikalala, nikajikabidhi kwa Mungu.

Kabla mlango haujafunguliwa, Sista Araba aliniinamia.

"Mama Esi, ukiona nanyoosha mkono, nifinye."

"Nitakufinyaje na mimi ni mahututi?"

"Finya kimahututi."

Ndipo vita vikaanza. Sista alieleza somo mara moja, kwa sauti iliyotulia: jinsi ya kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu yake. Akamwita Ewurama, msichana wa mwaka wa kwanza mwenye vidole vya woga, kisha akarudi nyuma na kuificha mikono yake mgongoni. Alisimama usawa wa bega langu, akitazama miguuni kwangu ambako Ewurama alikuwa kazini. Hivyo katika nchi yote ya Ghana ni mimi peke yangu niliyeona yaliyokuwa yakitendeka nyuma yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeukamata wa kulia kama polisi aliyemkamata mwizi wa mbuzi.

"Samahani mama, geuka kidogo," Ewurama alisema.

"Nimegeuka, mwanangu. Usinifikishe Takoradi."

Shuka chafu likatoka, safi likaingia, na jeshi likafika kwenye pembe ya godoro, ile ambayo wauguzi huikunja kama bahasha. Hapo Ewurama akakusanya shuka, akakusanya na pindo la kitenge changu, akavisukumiza vyote chini ya godoro kwa nguvu zake zote. Mimi nilisikia. Sista aliona. Mwizi wa mbuzi akamburuta polisi mpaka kiunoni, na alikuwa anakaribia kutokea hadharani nilipofinya. Akarudi kifungoni.

Daktari Quansah akainua kidevu. "Sista Araba, kwa uchunguzi wangu mwanafunzi huyu yumo dhikini. Mwalimu mwenye huruma angetenda nini katika mazingira kama haya?"

Tazameni mtego ule, enyi wenye akili.

"Angengoja, Daktari."

"Angoje hadi lini?"

"Mpaka mwenye kazi aione kazi yake."

"Leo tunalala hapa," mwanafunzi mmoja wa safu ya mwisho akanong'ona.

"Mwenzio ameshalala kitambo," akajibiwa, nao wakanitazama.

Sista akauliza kwa upole ambao sijamsikia nao wodini, "Ewurama, umemaliza?"

"Nimemaliza, Sista."

"Basi mkalishe mama anywe maji."

Ewurama akanishika mabega. Nikainuka hadi kiunoni, kitenge kikanivuta chini. Nikajaribu tena, kikanivuta tena.

"Mwanangu," nikamwambia, "nia ninayo."

Darasa likacheka. Ewurama hakucheka. Alinitazama uso, akatazama magoti, akafuata kitenge taratibu mpaka kwenye pembe. Mgongoni pa Sista mishipa ya mikono ilikuwa imesimama kama kamba za kisima.

"Jamani, mama. Nimekushonea kitandani."

Akaifungua pembe, akakitoa kitenge, akakunja upya. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akawageukia wenzake. "Kabla hujachomeka, pitisha kiganja uone umeshika nini. Chekeni tu, na nyie mtafunga watu."

Daktari Quansah akaandika muda wa kutosha kunakili kitabu cha Mwanzo, akasimama. "Tulichokishuhudia," akatangaza, "kitaaluma ni kujizuia kimkakati kwa mwezeshaji." Kwetu huitwa kunyamaza. "Umefaulu."

Watu wakatoka kwenda kunywa soda. Tukabaki wawili. Pembe ile ilikuwa imepinda, upana wa kidole.

"Sista, imepinda."

"Nimeiona, Mama Esi."

"Basi?"

"Ni yake."

Akachukua mkoba wake, akatoka, asiiguse.

Wapige ngoma wenye ngoma, na waandike wenye kuandika. Yoshua alisimamisha jua. Araba Essilfie alisimamisha mikono yake miwili. Na jua, mjue, halikuwahi kuzoea kazi ya wodi.