Kidole Changu Kimenichongea Dirisha la Bima

Jamani leo nimeaibika. Na nilikuwa nimevaa suti.

Mnaonifahamu mnajua. Mimi ndiye Magesa, yule wa ng'ombe. Shule niliachia darasa la nne, nikaanza kuswaga ng'ombe wa watu kwa miguu kutoka Butiama mpaka mnadani Kiabakari. Leo nina lori, nina bucha Bunda, nina nyumba Bweri yenye geti linalojifungua lenyewe (umeme ukiwepo). Sikubebwa na mtu. Hilo huwaga nalisema kila mahali, hata kwenye harusi za wenzangu.

Sasa, mama yangu anaumwa. Hapo hapachekeshi, nawaambia mapema. Ni saratani. Madaktari Mwanza walishasema hakuna cha kukata tena wala cha kuchoma, wakatupa barua, tukarudi. Mimi nikasema hao hawamjui Magesa. Nikamtoa mama kijijini Butiama, nikamweka kwangu Bweri, nikawa namletea kila mwenye dripu. Dripu ya njano. Dripu nyeupe. Maumivu palepale. Mwezi mzima mama halali. Anakaa kitandani ameshika godoro kwa mikono miwili, ukimuuliza anasema, "Sijambo, baba."

Mke wangu Nyanjura ni mwalimu wa shule ya msingi. Wiki nzima ananiimbia wimbo mmoja.

"Baba Neema, mama ana bima ya serikali. Tumpeleke tiba shufaa."

"Tiba shufaa ndiyo nini?"

"Ni ya wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi. Wanatuliza maumivu. Wanamfuata mpaka nyumbani. Na dawa bima inalipa."

Nikamjibu kwamba bima ni ya walimu. Mama wa Magesa hatibiwi kwa kadi. Halafu tiba gani ya kumrudisha mtu nyumbani? Mimi nikimpeleka dume mnadani nikarudi naye nyumbani, ujue nimeshindwa.

Leo asubuhi mama mwenyewe kasema twende. Basi twende. Mwalimu yuko shuleni, ila kadi ya mama kaiacha mezani, kaiegemeza kwenye chupa ya chai ili niione. Nikaiona. Nikanywa chai. Nikaiacha palepale. (Makusudi. Andikeni.) Nikavaa suti, viatu vya ncha, na ile kofia yangu ya mnadani, nikampakia mama kwenye gari.

Hospitali moja hapa mjini, dirisha la bima, foleni hiyo. Mama kwenye kiti cha magurudumu, mimi nyuma nasukuma. Zamu yetu ikafika.

"Dada," nikasema, kwa sauti ya mnadani, maana sina nyingine, "nataka kitanda cha daraja la kwanza. Chenye televisheni."

Dada wa dirishani akaomba barua ya Mwanza. Nikaitoa mfuko wa ndani wa koti. Akaisoma. Akaniangalia.

"Baba, hapa wamewaandikia tiba shufaa. Hii si ya kitanda. Mnamwona sista, mnapewa dawa ya maumivu, mnarudi nyumbani na wao wanawatembelea. Barua ni ya mwezi uliopita. Mlikuwa wapi?"

Tulikuwa wapi! Barua ilikuwa kwenye koti. Nimetembea nayo mwezi mzima. (Kiingereza kile, bhana. Na mimi kumwomba mtu anisomee, jina langu ningeliweka wapi?)

"Kadi ya mama ipo?"

"Sisi hatunaga kadi. Sisi tunanunua."

Nikasikia kitu kinafunguliwa huko chini. Mama anafungua fundo la kanga yake, taratibu, meno yanasaidia. Ndani, kadi.

"Mkwe wangu alinipigia simu," akasema. "Kasema utaisahau. Ulipokuwa unavaa suti nikaichukua."

Haya. Kadi ikapokelewa. Familia nzima ikafunguka kwenye kompyuta. "Mama, weka kidole hapo kwenye mashine tukuhakiki." Mama akaweka. Kimekataa. Kingine. Kimekataa. Dada akampa kitambaa afute. Kimekataa. Vidole vya mama vimepalilia mihogo na mtama tangu hamjazaliwa, vimelainika kama mawe ya ziwani. Alama zote zimebaki shambani.

Nyuma yangu sauti ikatoka. "Wewe mura, sogea basi! Wengine tumekuja kuumwa, hatujakuja kuangalia suti!"

Kugeuka, ni mzee mmoja wa Guta. Mnunuzi wangu. Mwaka juzi nilimuuzia dume nikamwapia kwamba lina miaka mitatu. (Lilikuwa na mitatu. Na mingine.)

Kuonekana na huyu mzee nikiwa nimekwama dirisha la bima, damu ikanichemka. Hapa ndipo nilipojichimbia, sikilizeni vizuri.

"Mashine ni mbovu hii!" nikasema. "Mimi kwenye bima simo, sijawahi kuwemo, na sitakuwemo. Sijawahi kumtegemea mtu. Ngoja niweke changu. Ikikikubali, mjue imekufa."

"Baba, hakuna haja..."

Nimeshaweka. Kidole gumba. Nimekibonyeza kama napiga chapa.

Tii! Taa ya kijani.

Dada akaangalia kompyuta. Akaniangalia mimi. Akajiuma mdomo. Mbele yake kuna kipaza sauti kile cha dirishani, na alikuwa hajakizima.

"Imekubali. Magesa, mwenza. Mtegemezi wa Mwalimu Nyanjura."

Hata mtoto aliyekuwa analia akanyamaza asikie.

"Mtegemezi!" mzee wa Guta akapokea. "Mtegemezi mwenye lori!"

"Suti nayo kategemea?" akadakia mama mmoja mwenye kapu. Foleni yote ikaangua kicheko. Kuna mmoja alikuwa na mguu wenye plasta, anapiga plasta kwa furaha.

"Lini mimi niliandikishwa?" nikauliza. Na papo hapo nikakumbuka. Miaka hiyo, Nyanjura alinipitisha ofisi fulani. "Kaa hapa upigwe picha. Weka kidole hapa." Mimi niko kwenye simu, nabishana bei ya mitamba. Nikaweka. Nilijua tunasajili laini!

Ndugu zangu, ng'ombe wangu wote wana hereni za usajili masikioni. Ukiisoma hereni ya ng'ombe wangu, linatoka jina langu. Leo nimesomwa mimi. Limetoka jina la mke wangu.

Nilitaka kukimbia, lakini nani aache kiti cha magurudumu? Na ndipo niliposikia sauti ambayo sijaisikia mwezi mzima. Mama anacheka. Anacheka mabega yanaruka, machozi yanamtoka, ameshika ubavu unaomuuma na bado anacheka.

"Mama, na wewe ulijua?"

"Nilijua. Nafasi zilikuwa chache. Wewe, watoto watatu, ikabaki moja. Nikamwambia mkwe wangu, mwandike mama yako mzazi, mimi niache. Akakataa."

"Kwa nini?"

"Kasema, 'Mama yangu ana watoto wa kiume wanne. Wewe una Magesa tu.'"

Foleni ikacheka tena. Mimi nikaangalia viatu vyangu vya ncha. Mama mkwe wangu alikuwa hai wakati ule. Aliumwa mguu bila bima mpaka akafa, na mimi nilikuwaga napita na lori pale kwao nampungia mkono.

Dada wa dirishani akaona hali. Akasema taratibu, kipaza sauti amekizima sasa (sasa!), "Tumpige mama picha ya uso. Kidole kikikataa tunatumia uso." Akapigwa. Mashine ikamkubali mara moja. Kwenye picha anacheka.

Tukaingia kwa sista. Mama wa makamo, miwani kwenye kamba, hana haraka. Mimi, mdomo haujapona, nikaanza. Nataka dripu kubwa, nataka rufaa, nataka Dar.

Sista akanyanyua mkono kidogo tu. Akamgeukia mama.

"Bibi, wewe unataka nini?"

Wallahi nawaambia, hilo swali sikuwahi kuliuliza. Mwezi mzima, dripu zote zile.

"Nataka nilale," mama akasema. "Nikipata nguvu nirudi kwangu Butiama, nikakae nyumbani kwangu, nione kama kuku wangu hawajaliwa. Na huyu avue kofia ndani ya nyumba za watu."

Nikavua.

Sista akanieleza kama unavyomweleza mtu mzima. Dawa ya maumivu, bima inalipa. Kumwona hapa kliniki, bima inalipa. Kumtembelea nyumbani, wao wana utaratibu wao, hata Butiama watafika. "Ila kuna kazi bima hailipi, Baba. Kumpa dawa kwa saa zake, hata kama haumwi wakati huo. Kumgeuza. Kuitika akiita. Hapa kwenye fomu kuna sehemu ya mwangalizi. Niandike jina la nani?"

Nikafungua mdomo niseme nitaajiri wasichana wawili. Mama akaniwahi.

"Mwandike huyu. Na yeye awe na mtegemezi wake."

Niliweka saini. Herufi zilipinda, lakini mimi huwaga naandika hivyo. Msianze.

Halafu nikafundishwa kupima. Dawa ni ya maji, unaivuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Sista akazungushia utepe mwekundu pale pa kuishia, kwa sababu aliniona ninavyoiangalia ile karatasi ya chupa. Nikafanya mazoezi kwa maji. La kwanza nilijirushia kwenye tai. La pili nikamrushia sista kwenye miwani. La tatu likakaa kwenye utepe sawasawa, na mama akasema, "Ameweza," kama vile nimepasi mtihani. Ni wa kwanza, kwa kweli.

Tumerudi saa saba. Nimempa dozi kwa mkono wangu. Nikakaa kwenye kigoda pembeni na suti yangu yenye maji. Nikamsubiri. Baada ya muda nikaona mikono yake. Mkono wa kushoto umeachia godoro. Kisha wa kulia. Viganja vikafunguka, vikabaki wazi juu ya shuka. Akageukia ukutani kama mtoto.

Sasa ni saa kumi. Bado kalala. Simu inatetemeka mfukoni tangu mchana, maana mzee wa Guta keshafikisha habari mnadani, na kuna mpuuzi anauliza kama lori nalo limo kwenye kadi ya mwalimu. Nyanjura naye habari imeshamfikia, kaandika kutoka shuleni: "Mtegemezi wangu, mmekula?"

Nimemjibu: "Bado. Nakusubiri. Asante kwa mama." Nimeandika mwenyewe, na chini sijajiita bosi kama ninavyojiitaga.

Najua mtacheka, siwakatazi. Ila chekeni polepole. Mama amelala.