Kwaya ya Saa Nane Usiku

Jumatano, 7 Mei 2025

Mama Tereza kasinzia akikaanga maandazi. Kigodani, mwiko mkononi, kichwa kinashuka taratibu kuelekea kwenye karai la mafuta. Nikamdaka bega. Kiganja kimebabuka kidogo tu, lakini maandazi yaliyobaki nimeyakaanga mimi.

Chanzo ni Tereza mwenyewe, binti yetu wa miaka miwili, anayeamka mara nne kila usiku kama askari wa zamu. Nimemwambia mke wangu alale chumba cha pili wiki nzima, usiku nauchukua mimi. Akauliza nitafanyaje. Nikamkumbusha kwamba nafundisha kwaya ya kanisa yenye watu thelathini na wawili. Mtoto mmoja ni nini?

Alhamisi, 8 Mei

Saa nane usiku, Tereza macho. Nikawasha taa, nikamnyanyua, nikamwimbia wimbo wa matoleo, beti zote nne. Akatulia kabisa. Kisha akapiga makofi.

"Tena, baba."

Nikarudia. Saa tisa na nusu, tena. Saa kumi na moja kasoro, tena, na safari hii aliwahi kiitikio kabla yangu. Ana sikio la muziki, hilo halina ubishi.

Asubuhi nikakutana na Telesphor, jirani yangu wa ukuta mmoja, mwimbaji wa besi anayeutamani ualimu wangu wa kwaya. Alinisalimia vizuri, kisha akasema ubeti wa tatu nilishuka nusu sauti. Sijui watu wengine usiku wanafanya nini badala ya kulala.

Ijumaa, 9 Mei

Mama Tereza katuburuta kliniki. Nesi Mercy akauliza mtoto akiamka tunafanya nini. Nikaeleza. Alionekana hajaelewa, nikamwimbia kidogo. Akina mama kwenye benchi walifurahi.

Nesi akasema kila mtu huzinduka kidogo usiku, kisha hulala tena bila kujua. "Na huyu angejigeuza tu akalala. Lakini kwenu akifungua macho anakuta tamasha."

Akatoa masharti. Alale saa ileile kila siku. Asilale jioni. Akiamka, taa isiwashwe, asinyanyuliwe, apapaswe mgongo kimya kimya. Mama Tereza alitikisa kichwa muda wote kukubali. Nikamuuliza nesi anaimba sauti ya ngapi. Kumbe haimbi kabisa. Basi, nikaelewa.

Jumamosi, 10 Mei

Mpango wangu mwenyewe: kumchosha. Nikatoka naye hapa mtaani Majengo kwa miguu hadi kata ya Kawajense. Alitembea mpaka kona ya kwanza. Kuanzia hapo nilimbeba, kwenda na kurudi. Saa kumi jioni kalala begani, kaamka saa moja akiwa mpya kabisa. Aliyechoka ni mimi. Usiku nimeimba nyimbo tisa, tatu kati ya hizo nikiwa nimesinzia.

Jumapili, 11 Mei

Misa ya kwanza. Nikafungua mdomo kuanzisha wimbo wa mwanzo. Ikatoka hewa, halafu mlio wa bawaba kavu. Telesphor akasogea mbele, akaanzisha kabla sijafunga mdomo. Waumini wakaitikia kama kawaida. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuniangalia. Hilo ndilo limeniuma.

Jumanne, 13 Mei

Bado sauti hakuna. Usiku wa kuamkia jana, saa nane, Tereza aliamka, akaniambia, "Imba." Ningeimba nini? Nikampapasa mgongo gizani, taa sikuwasha, sikutaka anione nilivyo. Dakika chache akalala. Kanionea huruma. Ana moyo mzuri, kama baba yake.

Usiku wa kuamkia leo hakuamka kabisa. Mama Tereza kalala moja kwa moja hadi alfajiri. Maandazi yamevimba vizuri. Alikuja akakaa karibu yangu na kikombe cha chai.

"Baba Tereza, ahsante. Nilikuwa naishiwa nguvu, nilikuwa naogopa hata kukaa jikoni."

Sauti hakuna, nikamsogezea andazi la moto. Lakini alipoanza kumsifu nesi nilichukua karatasi, nikaandika: nyimbo zimemwingia damuni, dozi imekamilika. Akasoma, akaikunja, akawashia jiko.

Alhamisi, 15 Mei

Sauti imerudi. Nimegundua usiku huu, saa nane na robo, nilipokohoa. Dakika hiyohiyo Tereza akajigeuza kitandani. Hakulia, wala hakufungua macho. Lakini sauti irudi na mtoto ajigeuze kwa wakati mmoja, hiyo haiwezi kuwa bure. Nikawasha taa ili nimpongeze kwa ubeti mmoja tu.

Sasa ni saa kumi. Tuko wimbo wa sita, nimetulia kidogo niandike haya. Tereza amesimama kitandani, anapiga makofi. Telesphor anagonga ukuta, na kama kawaida yake yuko nyuma ya mapigo. Mama Tereza yuko mlangoni, kakumbatia mto, ananitazama.

Nimempa ishara aingie na sauti ya pili.