Mwaloni wa Mwezi Mmoja

Jumatano, 5 Novemba

Nimeamua: zawadi lazima iwe mti wa mwaloni. Waridi hunyauka. Jumamosi tunatimiza mwezi mmoja wa ndoa, mimi na mume wangu Garrett (mume wangu! bado naandika neno hili polepole ili nilifaidi). Zawadi yake itakuwa mti, pale pale kwenye benchi aliponiposa, ndani ya hifadhi ndogo ya mialoni nyuma ya mtaa wetu. Tatizo ni mama yake. Lorna ndiye kiongozi wa wanaojitolea kuitunza hifadhi kila Jumamosi, na tangu harusini hajanitaja kwa jina. Mimi ni "mke wa Garrett" tu. Akiuona mti ule ataniita Kelsey. Nina hakika.

Alhamisi, 6

Nimeupata! Mche wa mwaloni, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Muuzaji amesema asili yake Hispania. Mahaba matupu! Nimeuficha kwenye kapu la nguo chafu. Garrett ameuliza kwa nini soksi zake zina majani. Nimembusu. Akasahau swali.

Ijumaa, 7

Alfajiri, kabla wanaotembeza mbwa hawajafika. Mvua haijanyesha bado, udongo mgumu kama tofali. Nimechimba kwa kijiko kikubwa cha supu, kile cha fedha alichotuzawadia dada wa Lorna harusini. Kimekatika. Nusu imebaki shimoni. Mzee mmoja aliyekuwa akikimbia akasimama kuuliza nimepoteza nini. Nikasema hereni. Maskini, akapiga magoti akatafuta nami mpaka jua likatoka. Lakini mti umesimama! Nimeufunga utepe mwekundu. Nimelia kidogo.

Jumamosi, 8

Ole wangu. Nilimburuta Garrett tukajitolee, nikipanga kuushangaa mti pamoja na wengine. Kwanza tuling'oa vichaka vya vijiti vyembamba vya kijani, maadui wakubwa wa Lorna. Alieleza kwamba vililetwa kutoka ng'ambo kupamba bustani, vikatoroka, vinachanua manjano na kuisonga mialoni michanga. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Kwa kweli nilikuwa namtazama Garrett, ana jasho shingoni, mzuri ajabu.

Tukafika kwenye benchi. Lorna akashika jani, akaligeuza. Akasema huu si mwaloni wa hapa, umetoka dukani, na humu haupandwi mti ambao mbegu yake haikuangukia humu. Mzee wa jana naye alikuwepo! Akautazama utepe, akanitazama mimi.

"Binti, hereni ulizipata?"

Nikasema bado. Lorna akanipa jembe.

"Haya, mke wa Garrett. Ung'oe."

Nikaung'oa kwa mikono yangu mwenyewe! Ukatoka na mizizi yote, na kwenye mizizi, nusu ya kijiko. Lorna akakiokota. Akakipangusa. Anakijua, alikuwepo siku dada yake alipokinunua. Nikasubiri kufa. Akakitia mfukoni.

"Kelsey, njoo huku."

Kelsey! Akaokota mbegu chini ya mwaloni mzee, akanionyesha namna ya kuilaza ubavu ardhini na kuizungushia wavu ili kulungu na kindi wasiile. Garrett akafunga utepe wangu kwenye wavu, akaninong'oneza kwamba sasa ameelewa habari za soksi.

Jumapili, 9

Nimeamka nikiimba. Garrett anasema tutakaa kwenye kivuli cha mwaloni wetu tukiwa wazee. Nitazeeka kwa furaha! Ila pale pametulia mno, wavu na vumbi tu. Panataka rangi. Leo dukani nimeona kichaka cha kupendeza: vijiti vyembamba vya kijani, na kwenye picha maua ya manjano tele. Muuzaji anasema hakifi hata ukikisahau. Sijui nimekiona wapi, kimenijia kama rafiki wa zamani. Nimechukua vitatu. Viko kapuni, chini ya mashati. Safari hii Lorna ataniita mwanangu.

Vumilia upweke, mbegu yetu mpenzi. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kukutembelea, na sitakuja mikono mitupu.