Ng'ombe wa Mahari na Tone la Waridi

Jumatatu, 6 Oktoba
Edinah wa maabara ya mifugo, hapa Chepilat, amesema saa nne asubuhi: damu ya Malaika ina kingamwili za bruselosi, ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Malaika! Ng'ombe wa mahari! Mzee Sagini, babake Bonareri, hapokei ng'ombe bila cheti cha afya. Mwisho Ijumaa. Nikikosa, atamkaribisha mwalimu Gichana, anayemposa pia, na Bonareri wangu ameenda.

Nilimtazama Edinah akipima. Tone la maji ya damu kwenye kigae cheupe. Kando yake tone la waridi, yaani antijeni: vijidudu vilivyouawa na kutiwa rangi. Akachanganya, akatikisa dakika nne. Kingamwili zikavikamata vijidudu, vikashikana vipande vipande, kama mawingu ya jioni juu ya majani chai. Maridadi. Nusura nisahau kuwa ni msiba.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemdunga Malaika dawa. Edinah amecheka. Alisema yeye hamtafuti mdudu. Anatafuta silaha ambazo mwili uliunda kupigana naye, na hizo hubaki miezi. Akauliza kama nachemsha maziwa, maana hata watu huambukizwa. Nikasema ndiyo. (Maziwa yakichemshwa hayana ladha.)

Jasho tangu asubuhi, na baridi hii yote. Magoti yanauma. Mapenzi.

Jumatano, 8 Oktoba
Mpango! Edinah atarudia kipimo. Calvince, anayetibu ng'ombe wetu, ndiye huchukua damu. Nimemwomba aitoe kwenye mkono wangu, maana mimi ni mzima. Aliuliza kwani natoa lita ngapi za maziwa kwa siku. Nikamwahidi kiti cha mbele harusini. Chupa ikaandikwa Malaika. Damu ilipanda polepole, nyekundu iliyoiva. Nikalala kwenye nyasi, nikamwona Bonareri akitembea juu ya ukungu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Vipande tena! Vikubwa kuliko vya kwanza. Edinah alisema hajaona ng'ombe mgonjwa hivyo akiwa bado amesimama. Nimelaumu kigae.

Bonareri amemsihi babake angoje. Kisha akaniambia, Mogaka, umekonda kama fito. Akadai sasa apimwe bwana harusi, hospitalini, kwa tone hilo hilo la waridi. Mzee ameafiki. Ng'ombe atatafutwa mwingine, lakini bila cheti changu hakuna harusi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Homa kidogo. Akili safi kabisa. Damu yangu ina fitina, kwa hivyo nahitaji mkono mwingine utakaojibu jina langu. Calvince amekubali. Afya ya fahali! Katika kila boma anakotibu hupewa kikombe cha maziwa mabichi, na hajawahi kukataa hata kimoja.

Hospitali ni Jumanne, tarehe 14, saa tatu asubuhi.