Uzinduzi wa Mtambo wa Kukamua Mchaichai

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, Kamati Ndogo na Kamati ya Kusimamia Kamati. Mabibi na mabwana wadau wa mnyororo wa thamani. Viongozi wa dini zote. Bwana wa kipaza sauti. Na nyinyi akina mama wakulima mlioketi juani kwa kuwa turubai halikutosha: itifaki imezingatiwa! (Makofi kutoka kivulini.)

Ndugu zangu, nani asiyeujua mchaichai? Ukiutia kwenye chai, chai inanukia mpaka barabarani. Ukiuponda kwenye supu, jirani anabisha hodi bila sababu. Na ukishikwa na mafua, bibi yako anakufunika blanketi uvute mvuke wake hadi jasho likutoke. Hayo, hata hivyo, ni matumizi ya kianalojia. Ofisi yangu, kwa kuzingatia mpango mkakati na visheni ya miaka ishirini na tano, imefanya upembuzi yakinifu katika hoteli tatu tofauti, na data zinaonyesha kwamba mchaichai unatuliza tumbo kwa asilimia themanini na saba, unafukuza mbu kwa asilimia tisini na nne, na unaongeza uzalendo kwa asilimia mia moja na kumi na mbili. (Vicheko. Sauti: "Mbu mliwahesabu vipi?") Kitaalamu, mama, kitaalamu.

Angalieni chungu hiki cha mchaichai hapa mezani, kilichoandaliwa na ofisi yangu. Nachuma jani, nalisugua viganjani, nalinusa... aaah! Hiyo ndiyo harufu ya maendeleo! (Mkulima wa safu ya mbele: "Mheshimiwa, hayo ni majani ya ng'ombe. Yameota pale nyuma ya choo.") Ahsante kwa mchango wako, umenukuliwa.

Sasa nije kwenye shughuli ya leo. Wiki iliyopita nilitoa waraka nikiagiza kila mkulima ang'oe mchaichai wake wote, jani, shina na mizizi, aulete hapa alfajiri, ili mtambo wetu ukishazinduliwa usikae na njaa. (Mama mzee anasimama: "Baba, mchaichai hukatwa, haung'olewi. Ukiukata unachipua tena. Tulikuja ofisini kwako tukakwambia, ukasema waraka umeshapigwa muhuri.") Na ulikuwa umeshapigwa, mama! Muhuri si mchezo. (Mama mzee: "Mizizi inakauka. Tufungulie lango mlilolifunga tulipoingia, tukairudishe ardhini sasa hivi. Mashina haya nimeyalea miaka kumi na mmoja, ndiyo yaliyosomesha wanangu, na mbegu nyingine sina.") Nakuelewa sana mama yangu, machungu yako ni machungu yangu, ila mvumilivu hula mbivu, na mimi nimebakiwa na kurasa tisa tu. (Miguno. Mtu anaomba maji ya kunyunyizia mizizi. Maji yote yako meza kuu.)

Wapo wanaouliza: huyu anaujua mtambo kweli? Jamani, mimi nimesafiri! Nimekwenda ng'ambo siku kumi na nne kujifunza, pamoja na mke wangu na shemeji yangu aliye mtaalamu wa kufuatana nami, tukafika mpaka mlangoni pa kiwanda chenyewe. (Sauti: "Kikoje?") Kilikuwa kimefungwa, ilikuwa Jumapili, lakini kwa jinsi mlango ulivyokuwa mkubwa, mtu mwenye akili aliweza kukisia yaliyomo. (Wajumbe wanapiga makofi wakiwa wamesimama.)

Basi tuamke sote! Mchaichai! (Wajumbe: "Uhai!") Ng'oa leo! (Wajumbe: "Vuna kesho!") Sijawasikia upande wa juani!

Kwa kuhitimisha, nawashukuru mafundi waliosimamisha jukwaa hili, mshonaji wa pazia hili refu la kijani nitakalolifungua punde, na kwa namna ya pekee mlinzi wetu, ambaye kwa miaka mitatu ameulinda mtambo huu bila kuibwa hata nati moja. Simama, mlinzi, watu wakuone. (Mlinzi: "Ningeibiwa nini, mheshimiwa? Nyuma ya pazia kuna ukuta tu.") Mnaona unyenyekevu huo? Na ni kweli, ni ukuta, kwa kuwa mtambo bado uko katika hatua ya wazo, na wazo, ndugu zangu, haliibiki. Kamati ya kuliendeleza itakutana mwakani. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Sasa akina mama sogeeni na mizizi yenu tupige picha ya pamoja, kisha lango lifunguliwe.

(Mama mzee anainua shina lake. Udongo unadondoka kama vumbi. "Piga, baba. Usiharakishe tena, limeshakufa.")

Vizuri sana, mama. Liinue kidogo. Na utabasamu.