Mavuno Mbili ya Maharagi

Bihambwe, alhamisi tarehe 5 Machi 2026
Bwana yangu Luc ametuma tiketi. Mimi na mutoto wetu Mamy tunaondoka tarehe 20, kumufuata Niger kwenye anaendesha kamyo. Hajamubeba mutoto wake hata mara moja. Furaha yangu ilifika kwa santé, kwenye wanatunza wagonjwa, ikaishia pale. Papa Zéphyrin, muganga wa pale, alisema kule kuna meninjite, inaua. Musafiri achanjwe siku kumi mbele ya safari. Mimi alinichoma palepale. Mamy hapana: chanjo yenye iko hapa inaanzia mwaka mumoja, naye atautimiza tarehe 12. Nimehesabu kwa vidole. Kumi na mbili na kumi, ishirini na mbili. Tunakosa siku mbili tu.

Ijumaa 6
Nimepata akili. Mama yangu anahesabu miaka kwa mavuno. Mamy ameona mavuno mbili ya maharagi, basi iko na miaka mbili. Nikaomba viatu vya mutoto wa jirani yangu Francine, nikamuvalisha aonekane mukubwa, tukaenda kwa santé. Papa Zéphyrin aliuliza kama nazani ametoka Kinshasa. Akasema naye analima maharagi, tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kwa hesabu yangu, yeye iko na miaka tisini na bado wanamutumikisha. Tena njo yeye alinizalisha Mamy, na mwandiko kwenye fishi ya kuzaliwa ni wake. Mamy alikuwa anakula kamba ya kiatu.

Dominika 8
Nyuma ya misa, wifi yangu Gentille alisema mbele ya wamama kwamba bwana wa mbali ni mbuzi bila kamba. Nikikawia, atakula shamba ya wengine. Nilicheka kwa mudomo. Kesho naenda Muheto, kwa santé yenye hawanijue.

Jumatatu 9
Nilipanda vilima mutoto mugongoni. Kule nikasema ana miezi kumi na tatu. Aliyeinua kichwa ni Papa Zéphyrin. Kumbe kila Jumatatu anatumika Muheto. Akauliza kama mutoto amezeekea njiani.

Alhamisi 12
Mwaka mumoja. Mamy amechanjwa, akalia kidogo. Mimi nililia zaidi. Nikamupigia Luc, nikamuambia yote. Kisha akasema amengoja mwaka muzima. Siku tatu hazitamuua, lakini meninjite haina huruma na mutoto. Amesogeza tiketi mpaka tarehe 23. Akaomba niache ujanja. Nilikubali kwa moyo wote.

Jumamosi 14
Mamy anakula bugali mara mbili kupita mutoto wa Francine. Damu yake iko mbio. Kwa mutoto kama huyu, chanjo haiwezi kuomba siku kumi. Tano zinatosha, na tarehe 20 tunaondoka. Kesho Papa Zéphyrin atakuwa kwa misa, bila ile fishi yake. Nitakaa naye benchi moja.